Jasho la Shaba

Kaunta namba nne ilikuwa na homa ya saa sita mchana. Sitanii. Kila siku, jua likishafika utosini na duka likishajaa watu wa mapumziko, kompyuta yangu ilianza kuvuma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, skrini inaganda, halafu puu, giza. Mimi nimekaa pale na dumu la mafuta ya kupikia mkononi, nimeshalipitisha kwenye skana mara tatu, na mteja ananiangalia kama vile nimeizima kwa roho mbaya.

"Samahani mpendwa, mtandao," nasema.

Ndivyo tulivyofundishwa. Kitu chochote kikiharibika, sema mtandao. Printa imetafuna karatasi, mtandao. Droo haifunguki, mtandao. Siku moja taa ya dari iliungua, na mwenzangu wa kaunta ya tatu, ambaye tunamwita Chenji Baadaye kwa sababu hiyo ndiyo sala yake kwa kila mteja, akamwambia bibi mmoja, "Mtandao huo, bibi." Bibi akaitazama taa, akatutazama sisi, akasema, "Basi mtandao wenu unanuka moshi."

Mimi wananiita Kamera. Simu yangu haitoki mkononi, ndiyo maana. Nyanya zikipangwa vizuri narekodi, mlinzi akisinzia narekodi, nikila narekodi. Mama huwa anasema siku nikifa nitachelewa kuzikwa, nitakuwa bado natafuta mwanga mzuri. Nilikuwa nacheka sana. Kumbe simu hiyo hiyo ndiyo ingekuja kunivua nguo, na nilijivua mwenyewe, kwa mkono wangu.

Sasa nianze na Mjomba, maana bila Mjomba hakuna kitu.

Mjomba ni mdogo wake mama, kitinda mimba wao. Ni fundi wa mafriji. Mrefu, mpole, mikono imejaa makovu madogo ya kuchomelea. Anaishi chumba cha uani pale nyumbani kwetu, na ana ile simu ya vitufe ambayo ukiidondosha unaionea huruma sakafu. Siku hiyo meneja alimwita aje kutengeneza friji la soda, na friji lenyewe liko nyuma ya kiti changu kabisa. Amechuchumaa, bisibisi mdomoni, mara kompyuta yangu ikazimika.

"Samahani mpendwa, mtandao," nikamwambia mteja.

Mjomba akatoa bisibisi mdomoni. "Mtandao gani? Hiyo inaungua."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikataka kuingia chini ya kaunta, lakini Mjomba aliniwahi kuingia yeye. Akafungua kile kikabati cha mbao ambamo kompyuta inakaa, akatia mkono, akautoa haraka.

"Mpwa wangu, humu unaweza kuchemsha yai."

Akanieleza hapo hapo, foleni ikisikiliza. Kikabati hakina hata tundu. Feni ya kompyuta inazungusha joto lile lile. "Ni kama mtu ajifunike blanketi gubigubi, halafu ajipepee humo humo ndani," akasema. Kisha akageuka kulitazama friji. Akageuka tena kuitazama kompyuta. Nyuma yangu baridi, mbele yangu moto, na katikati hatua moja tu. Nilimwona usoni. Jamani, sijawahi kumwona mtu mzima anapata furaha ya namna ile kwa kutazama friji.

Baada ya siku mbili akarudi na kitu chake. Bomba jembamba la shaba, ndani maji, na pampu ndogo ya tangi la samaki inayoyasukuma. Maji yanapita kwenye friji, yanapoa, yanakuja kuzunguka kibati kilichobanwa juu ya moyo wa kompyuta, yanabeba joto, yanarudi. Ndiyo hivyo. Na kwa sababu akili yake ikishawaka haizimiki, akatengeneza na kitelezi: ubao ulioinama kidogo wenye vipande vya mabomba vinavyozunguka, ukimaliza kuskani kitu unakisukuma kidogo, chenyewe kinateleza mpaka kwa mteja.

Meneja wetu tunamwita Sogea-Sogea, kwa sababu kazi yake ni kutembea kando ya foleni akisema "sogeeni, sogeeni," hata pale ambapo hakuna pa kusogea. Alilitazama lile bomba kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Fundi, ukiniulia kompyuta?"

"Nitaifufua."

"Na ikigoma kufufuka?"

"Nitakaa mimi pale nijumlishe kwa vidole."

Sogea-Sogea akacheka, akakubali. Kaunta ya nne tu, ya majaribio.

Wakati anafunga, Mjomba aliniuliza swali. "Ukitoa chupa ya soda kwenye friji ukaiweka mezani, inakuwaje?"

"Inalowa."

"Maji yametoka ndani ya chupa?"

"Aa, hapana. Si imefungwa?"

"Yametoka hewani. Kitu cha baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoka jasho. Na hii shaba itakuwa baridi kama hiyo chupa. Ndiyo maana naivalisha." Akachukua sponji nyeusi, ile wanayovalisha mabomba ya kiyoyozi, akaizungushia shaba yote, kila kona, akaziba viungo kwa gundi aliyoipasha moto. Halafu akapitisha ukucha taratibu kwenye kila kiungo kuona kama utaingia. "Hata ukucha usipite. Shaba ikikaa uchi italia, na ikilia, chozi lake litaangukia umeme."

Maneno hayo ninayo kwenye simu mpaka leo. Nilimrekodi. Nakuambia ili ujue kwamba siwezi kusema sikuambiwa.

Siku kumi na moja! Siku kumi na moja kompyuta yangu haikuzimika hata mara moja. Saa sita inakuja inapita, iko baridi kama pua ya mbwa. Wateja wakaanza kuhama kaunta zingine kuja kwangu. Vitu vinateleza, watu wanatembea. Chenji Baadaye akanuna. "Kamera, kaunta yako imeolewa nini? Mbona imetulia hivyo?"

Habari zikamfikia Mkurugenzi, mwenye maduka yote. Akasema atakuja Alhamisi kuona kwa macho yake. Akiridhika, Mjomba atafunga kwenye kaunta zote, maduka yote tisa.

Mjomba alipoambiwa alikaa kwenye ngazi ya uani. Halafu akamwambia mama, "Dada, miaka ishirini natengeneza vitu vya watu. Hiki ndicho cha kwanza changu mwenyewe." Mama akajifanya moshi wa jiko umemwingia machoni. Jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

Sasa Jumatano. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo natamani simulizi ingekuwa ya mtu mwingine.

Mchana ule nilifunga kaunta kwa ajili ya chakula. Nikasema ngoja nirekodi klipu, mjomba wangu gwiji, kesho Mkurugenzi anakuja, dunia ijue. Nikafungua kikabati. Nikarekodi. Nikatazama nilichorekodi. Jamani, kibaya! Lile sponji jeusi lilikaa kama soksi ya mtu aliyetembea kwenye tope. Hakuna mtu angeelewa kuna ufundi gani pale. Na mimi nilijua ndani yake kuna shaba nyekundu, imepindwa vizuri kama hereni.

Nikachukua kisu cha kukatia maboksi. Kona moja tu, nikajiambia. Nikapasua sponji kwenye ile kona iliyo juu kabisa, karibu na mahali waya za umeme zinapokutana, nikaivua. Gundi yake ilikuwa ngumu, ikabidi niivute kwa nguvu, ikatoka vipande viwili. Nikafuta shaba kwa pindo la sare yangu. Iling'aa! Nikawasha tochi ya simu, nikarekodi sekunde arobaini. Mwishoni kabisa kuna kitu kikametameta kwenye shaba, kitu kidogo, cha duara. Nikakisogelea. Kikajaa skrini nzima kama almasi. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa kumalizia.

Ilikuwa tone la maji.

Sikufikiri. Au nilifikiri kidogo nikaacha. Kwa sababu Sogea-Sogea alikuwa anaita, "Kamera, foleni! Sogea kwenye kiti!" Nikarudisha vile vipande viwili vya sponji haraka haraka, gundi ya moto sina, nikavizungushia selotepu. Selotepu ya kawaida, ile tunayofungia maboksi yaliyopasuka. Nikafunga kikabati. Nikajiambia nitamweleza Mjomba jioni, atakuja alfajiri aweke gundi, dakika tano tu.

Jioni nikafika nyumbani, klipu niliyoirusha mtandaoni imeshatazamwa na watu elfu kumi. Elfu kumi! Simu inatetema mpaka mkono unauma. "Dada hiyo shaba ni kali." "Mjomba wako apewe nchi." Nikaingia uani nikiwa nimejaa upepo kama puto, nikamkuta Mjomba anapiga pasi shati. Shati jeupe, la harusi ya mama, lilikuwa limekaa sandukuni miaka mingi. Alikuwa anapiga pasi kola kwa uangalifu ule ule wa kuchomelea bomba.

"Kesho niwahi," akasema. "Kabla hawajafungua duka, nilikague bomba mara ya mwisho."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikamwona atakavyoiona ile selotepu. Atakavyonitazama. Kisha atauliza kwa nini, nami nitajibu nini? Kwamba sponji lake lilikuwa baya kwenye picha?

"Nimeshalikagua, Mjomba," nikasema. "Liko safi. Wewe ukienda kuchuchumaa humo utachafua shati."

Akatabasamu. "Una akili, mpwa wangu. Nilisahau shati."

Alhamisi saa tano Mkurugenzi akafika, mfupi, mchangamfu, anasukuma kikapu chake mwenyewe kama mteja. Wafanyakazi wote tumesimama wima. Mjomba yuko pembeni ya friji, mikono nyuma, kola imesimama. Mimi nimeegemeza simu kwenye sanduku la biskuti, inarekodi.

Mkurugenzi akaweka sukari. Tii. Ikateleza. "Ala!" akasema, akacheka. Akaweka sabuni. Tii. Ikateleza. Akaanza kucheza sasa, anaweka kitu anakikimbilia upande wa pili kukidaka. Watu wanacheka. Sogea-Sogea anacheka mpaka meno ya mwisho. Mjomba hakucheka, alikuwa anatazama kikabati tu, kama mzazi ambaye mtoto wake yuko jukwaani.

Nikabonyeza kutoa risiti. Ikatoka imelowa. Wino umechuruzika, bei zote zimekuwa mito.

Kabla sijafungua mdomo, ndani ya kikabati kukalia pah! Harufu ya waya ulioungua. Skrini yangu giza. Kaunta ya tatu giza. Kaunta zote saba, giza, mpaka mizani ya vitunguu ikazima.

Halafu tone. Tone lingine. Tukasikia wote, maji yanadondoka chini ya kaunta, taratibu, kama mtu anahesabu.

Mkurugenzi akaangalia viatu vyake. "Fundi," akasema, "nimekuja kuona baridi, umenionyesha mvua."

Kicheko kilichotoka pale sitakisahau. Chenji Baadaye alicheka, wateja walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulitabasamu wenyewe kwa woga. Mjomba alishapiga magoti na shati lake jeupe, anachota maji kwa viganja.

"Ng'oa huo uchafu wote!" Sogea-Sogea akamwamuru mlinzi. Mlinzi akashika bomba akalivuta kwa nguvu zake zote. Sponji likachanika kila mahali, likamwagika sakafuni vipande vipande, likachanganyika na maji. Na katikati ya vile vipande nikaiona selotepu yangu, inang'aa.

Nikaikanyaga.

Nikasimama juu yake. Kiatu changu kilikuwa juu ya jambo zima, na nikabaki hapo kama mti.

"Kuna mtu aligusa humu ndani?" meneja akauliza.

Mjomba alijibu kabla yangu, hata hakunitazama. "Nani aguse? Hapa anakaa mpwa wangu." Akasimama, maji yanatiririka kwenye magoti ya suruali. "Kosa ni langu. Bado sijui liko wapi, ila ni langu."

Nilitembea mpaka nyumbani na ile selotepu imenata kwenye soli.

Mtaani wakampa jina siku hiyo hiyo. Fundi Mvua. Akipita, mama wa nyumba ya pili anapaza sauti, "Fundi, leo tuanike nguo au tusianike?" Yeye anajibu kwa upole, "Anikeni tu, mama." Angetukana ningepata nafuu.

Ila kejeli hazikuwa kitu. Kilichoniua ni ndoo.

Alichukua ndoo, akaijaza barafu na maji, akayasukuma maji hayo kwa pampu ndani ya kipande cha bomba la shaba, akalivalisha sponji lile lile, gundi ile ile. Akakaa anatazama. Saa nzima. Akapangusa kwa karatasi nyeupe, akaitazama karatasi kwenye mwanga. Kavu. Akaandika kwenye daftari la shule: kavu. Kesho yake tena. Akabadili sponji, nene, nyembamba, mbili pamoja. Kavu. Kavu. Kavu.

"Mpwa wangu, njoo," ananiita kila nikitoka kazini. "Wewe una vidole laini. Gusa hapa. Kuna unyevu?"

Naweka simu kwenye mkono wa kushoto, nagusa kwa wa kulia.

"Hakuna, Mjomba."

"Hakuna." Anatikisa kichwa. "Basi pale yalitoka wapi?"

Siku saba. Siku saba nilimgusia lile bomba, na siku saba nilimjibu ukweli ambao ulikuwa uongo mkubwa kuliko uongo. Na klipu yangu inazidi kupanda, watu elfu arobaini sasa. Mtu pekee ambaye hakuwahi kuiona ni mwenye bomba.

Alhamisi ya pili nikamsikia anaongea na mama jikoni. Jumamosi kuna fundi mwenzake anakuja kuchukua vyombo vyote vya Mjomba, amemuuzia, gesi, vipimo, mashine ya kuchomelea. Mjomba mwenyewe amepata kazi ya kupakua mizigo ghalani.

"Umerogwa?" mama akafoka. "Kwa sababu ya maji ya ndoo moja?"

"Si maji, dada. Fundi akikosea akajua amekosea wapi, ni fundi. Mimi nimekosea na sijui wapi. Kesho nitafunga friji la dawa la mtu, nitajuaje kama mikono yangu haidanganyi? Mtu wa hivyo ni hatari. Aache."

Mikono yake. Mikono ambayo haikuwa imefanya kosa lolote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na kikombe cha chai, nikakiweka sakafuni bila kukinywa.

Ijumaa nikatoka kazini nikaenda moja kwa moja uani. Alikuwa ameketi kwenye kindoo alichokigeuza, anafungasha bisibisi kwenye kitambaa, moja moja, kwa ukubwa.

"Mjomba, kuna video."

"Zile zako? Leo sina hali, mpwa wangu."

"Hii hujaiona."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea simu kwa viganja viwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Nikabonyeza. Muziki wangu wa furaha ukaanza kulia pale uani. Jamani, ule muziki! Nilitamani ardhi ipasuke kuanzia hapo hapo kwenye ngoma ya kwanza. Sauti yangu inasema, "Mjomba wangu gwiji, oneni hii shaba."

Akatazama. Uso haukubadilika. Mwishoni lile tone likaja likajaa skrini.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Simamisha hapo." Akasogeza kidole kuligusa lile tone, skrini ikaruka ikaenda kwenye video ya mtu anayefundisha kusuka nywele. "Imekwenda wapi? Irudishe!" Nikairudisha.

"Nani aliivua?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatano. Siku moja kabla. Nikairudishia kwa selotepu."

Akanitazama. Nilishajiandaa kwa kofi, kwa laana, kwa machozi, chochote. Nilichopata sikuwa nimejiandaa nacho. Mjomba alicheka. Alicheka kwa sauti, akasimama, akaita, "Dada! Dada, njoo! Haikuwa sponji! Sponji liko sawa, hesabu iko sawa, dada!" Mama akatoka mbio na mwiko mkononi, amefikiri kuna moto. Mjomba anamwonyesha simu yangu, anamwonyesha tone, anaruka kama mtu aliyepona. Wiki nzima sikuwa nimeyaona meno yake.

Nikalia. Afadhali kofi, nakwambia. Furaha ile ilinionyesha kipimo kamili cha kitu nilichokuwa nimemnyang'anya.

Kisha, taratibu, ikamfikia. Niliona inavyofika. Mikono ikashuka.

"Siku saba nilikuita uguse," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Ukagusa."

"Ndiyo."

"Ukaniambia kavu."

"Ilikuwa kavu, Mjomba."

"Najua ilikuwa kavu." Akanirudishia simu. "Ndiyo maana niliamini nimerukwa na akili."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango bila kuupiga. Mama alibaki ananitazama, mwiko unadondosha mchuzi kwenye viatu vyake. "Ningekuchapa," akasema, "lakini umeshazidi umri, na mimi sijui watu waliozidi umri wanafanywaje."

Kupitia mlangoni Mjomba akasema neno moja la mwisho siku hiyo. "Meneja utamwambia wewe. Kwa mdomo. Si kwa hiyo simu."

Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua, huwa tunasimama kwa mstari mbele ya kaunta, Sogea-Sogea anatuhubiria dakika tano kuhusu tabasamu. Alipomaliza akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikanyoosha mkono. Wote wakadhani nataka ruhusa.

Nikasema. Kisu, sponji, selotepu, uongo wa shati, kiatu. Sikuacha kitu. Nilikuwa nimeegemea kile kitelezi cha Mjomba, maana hicho hawakukitupa, wametengenezewa vingine kama hicho na seremala kwenye kaunta zote saba, na hakuna aliyewahi kutaja kimetoka kwa nani. Nikalisema na hilo.

Sogea-Sogea akakuna kidevu. "Ngoja. Kwa hiyo siku ile tatizo lilikuwa nini hasa?"

Miaka miwili ya mazoea, mdomo ulishaanza: m-t... Nikaumeza.

"Tatizo nilikuwa mimi."

"Leo si mtandao!" Chenji Baadaye akasema, na wenzangu wakacheka, na nikastahili. Lakini yeye akaacha kucheka mapema kuliko wengine. Akainamisha macho. "Na mimi nilimcheka yule baba," akasema.

Meneja akanihamishia kwenye mizani ya vitunguu, mwezi mzima, simu inabaki kwa mlinzi. Kuhusu Mjomba akasema Mkurugenzi hataki kusikia hata neno bomba, ila yeye atajaribu kumweleza. "Siahidi," akasema. "Mwambie fundi siahidi." Nikamwambia nitamfikishia hivyo hivyo alivyosema, bila kuongeza kitu.

Nilipofika nyumbani mchana, mkokoteni wa yule fundi mwenzake ulikuwa unatoka getini, mtupu. Yule jamaa analalamika peke yake, "Watu hawajielewi, wanakuita kisha wanakwambia wameghairi." Uani, kitambaa cha bisibisi kilikuwa kimefunguliwa. Mjomba alikuwa na bomba jipya la shaba, amelipinda kona kama ile ile, na sponji pembeni, na gundi inachemka kwenye kopo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Nikamweleza alichosema meneja, na siahidi yake. Akaitikia kwa koo tu. Nikasimama pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti, mpaka aliponyoosha bomba upande wangu.

"Shika hapa."

Nikashika.

"Mikono miwili."

Simu ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Nikatazama pa kuiweka, nikailaza kwenye ngazi, uso chini. Nikashika shaba kwa mikono miwili. Akaanza kuivalisha, taratibu, kutoka mwanzo. Simu ikatetema kwenye saruji, ikatetema tena, ikajisogeza yenyewe mpaka ukingoni mwa ngazi. Nilitamani kuigeukia, nikaacha. Alipofika kwenye kona akaweka gundi, akapuliza, akasubiri ikauke.

"Pitisha ukucha."

Nikapitisha. "Hauingii."

Hakusema niko sawa. Hakusema amenisamehe. Alisogeza kopo la gundi karibu, akainama kuitazama kona ile kwa macho yake mwenyewe, muda mrefu.

"Pitisha tena," akasema.

Nikapitisha tena.